Trekta Kuukuu na Ahadi ya Mtu

Mwaka 2018, sherehe za wakulima za Nane Nane zilipofanywa kitaifa katika uwanja wa Nyakabindi, karibu na mji wa Bariadi, nilisimama kitambo mahali palipopangwa matrekta mapya. Yalikuwa yaking'aa kama sahani za harusini, na watu walikuwa wakiyagusa kwa ncha za vidole. Kando yangu walisimama wazee wawili wa Ntuzu. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mazuri haya, ndugu yangu, lakini mimi nitarudi kwa Massey yangu. Haijanidanganya hata siku moja." Yule wa pili akacheka, akajibu, "Chuma hakidanganyi, wala hakisemi kweli. Anayedanganya ni mtu."

Wakaenda zao, nami nikaenda zangu. Lakini maneno yao sikuyaacha pale uwanjani. Sote twasema kama mzee wa kwanza. Twasema trekta la fulani ni aminifu, na la fulani halina imani. Je, twasema kweli, au ni mazoea ya ulimi tu? Kama chuma hakina moyo, kitakuwaje na uaminifu? Na kama hakiwezi kuwa nao, mbona chombo kilichofanywa miaka hamsini iliyopita kingali kinalima mbugani, na kingine kilichonunuliwa juzi kimelala chini ya mkwaju, kuku wakitagia juu ya kiti chake?

Ndugu msomaji, nataka tulifikiri jambo hili pamoja. Usidhani ni swali la mafundi peke yao. Ndani yake limo swali la mtu na neno lake, na la shamba la jirani linalongoja mvua.

Kwanza tukumbuke kwa nini swali hili ni zito kwetu sisi. Katika mkoa wetu wa Simiyu watu wengi hulima kwa maksai, na wengine kwa jembe la mkono. Lakini udongo wetu si wa namna moja. Ule wa kichanga, tuuitao luseni, humvumilia mkulima; hata akichelewa kidogo utamkubali. Udongo mweusi wa mbuga hauna huruma hiyo. Ukiwa mkavu ni mgumu kama jiwe, umepasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukilowa sana huwa ulimbo, hushika kwato na magurudumu. Kati ya ugumu huo na ulimbo huo zipo siku chache tu zifaazo kulima. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba, kila mtu huzitaka siku hizo hizo, maana pamba iliyochelewa kupandwa hutoa vitumba vichache, na mahindi yaliyochelewa huenda yakakutwa na ukavu wa katikati ya majira kabla hayajakomaa. Basi mtu aliyeahidiwa trekta, likashindwa kuja, hakupoteza siku moja. Huenda amepoteza mwaka.

Sasa tuangalie asili ya chombo chenyewe. Trekta si la kale sana. Wakulima wa Ulaya na Marekani walilima kwa farasi na ng'ombe, kisha ikaja mitambo ya mvuke, mizito mno, ambayo watu wachache tu waliweza kuinunua. Mwaka 1892, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, John Froelich alitengeneza gari la injini ya petroli lililoweza kwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu zake lenyewe. Mwaka 1917 Henry Ford akaanza kufanya trekta lake, Fordson, kwa wingi, na kwa bei ambayo mkulima wa kawaida aliiweza. Lakini Fordson lilikuwa na hatari moja kubwa. Plau likikwama katika kisiki au mwamba, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, na trekta liliweza kuinuka mbele likampindukia dereva. Watu walikufa kwa ajali hiyo.

Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland wa mwaka 1884, aliifikiri sana shida ya namna hii. Badala ya kulikokota plau kwa pini moja kama gari la ng'ombe, aliliunga na trekta kwa mikono mitatu, inayoinuliwa na kushushwa kwa nguvu za mafuta yasukumwayo na pampu. Kwa mpango huo, plau likivuta kwa nguvu, mkono wa juu husukuma trekta mbele na kulizuia lisiinuke. Na uzito wa plau na udongo hukandamiza magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi vizuri. Hivyo trekta dogo, jepesi, likaweza kazi iliyokuwa ya trekta kubwa. Trekta lake liitwalo TE20 lilifanywa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, na idadi yake ikapita 500,000. Januari mwaka 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia, penye barafu tupu, kwa matrekta ya Ferguson.

Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Katika ukoo huo likatoka Massey Ferguson 35, na baadaye 135, lililoanza kufanywa mwishoni mwa 1964 na kuendelea hata 1975. Pamoja na wenzake, kama Ford 5000 lililofanywa Basildon, Uingereza, tangu miaka hiyo hiyo, hao ndio mababu wa matrekta tunayoyajua sisi.

Mtu akiuliza kwa nini mababu hao wameishi sana, zipo sababu zinazoonekana kwa macho. Massey Ferguson 135 la dizeli lina injini ya Perkins ya silinda tatu. Hakuna kompyuta ndani yake. Betri ikifa, fundi hulisukuma mteremkoni likawaka. Likiishiwa dizeli na hewa ikaingia katika mabomba, dereva mwenye spana hulegeza parafujo, akapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha akaendelea na kazi. Hewa yake huchujwa kwa kupita juu ya bakuli la oili, na vumbi likabaki humo. Bakuli hilo mtu huliosha na kulijaza tena bila kununua kitu ila oili. Tena chombo hiki husema habari za mwili wake. Moshi mweusi maana yake mzigo umezidi au hewa haitoshi. Moshi wa rangi ya samawati maana yake oili inaungua ndani. Moshi mweupe usiokoma waonya kwamba huenda maji yameingia, au dizeli haiungui sawasawa. Aliyezoea maksai hawezi kuona ajabu, maana naye husoma ng'ombe wake kwa pumzi na masikio.

Sababu nyingine iko mbali na shamba. Kiwanda cha Coventry kimekwisha kufungwa, lakini mfano wa trekta lile haukufa pamoja nacho. Kampuni ya TAFE, iliyoanzishwa Madras, India, mwaka 1960, na kampuni ya Millat ya Lahore, Pakistan, iliyoanzishwa mwaka 1964, zilichukua mifano ya ukoo huo zikaendelea kuifanya. Kwa hiyo pistoni na beringi za mzee wa Coventry zingali zikifanywa na watu ambao pengine hawakuzaliwa alipotoka kiwandani. Chombo chema kisicho na vipuri ni kama mganga hodari asiye na dawa.

Hapa msomaji mwenye haraka atasema, "Basi swali limekwisha. Uaminifu umo katika chuma. Nunua cha namna hiyo, nawe utakuwa salama." Laiti ingekuwa hivyo! Nchi yetu ilikwisha kuonyeshwa jambo hili kwa gharama kubwa.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliazimu kulima karanga kwa wingi katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta mengi sana. Mengi yalikuwa masalio ya vita, mengine yakinunuliwa katika maghala ya jeshi visiwani Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Nani atasema kwamba kifaru ni chuma dhaifu? Lakini ardhi ya Kongwa ilipokauka ikawa kama tofali, na mchanga wake ukala ncha za majembe. Madereva walikuwa wamefundishwa kwa haraka, karakana hazikuwa tayari, na vipuri vilikawia. Mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya mitambo ile ilikuwa imelala. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na hasara yake ikahesabiwa kuwa karibu pauni milioni 36. Chuma kile kilikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni watu waliofundishwa kwa utaratibu, wenye vifaa mkononi, na wakubwa walio tayari kwenda kwa mwendo wa kazi yenyewe.

Hata karibu na kwetu tulijifunza jambo. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Usukuma viliungana mwaka 1955 kuwa shirikisho moja lililobeba jina la ziwa Victoria, na Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Katika miaka ya 1960 yakaletwa matrekta yalime mashamba makubwa ya pamba, yaliyounganishwa pamoja. Nia ilikuwa njema. Lakini trekta lililima eka nyingi kwa siku, na palizi na kuchuma vikabaki kazi ya mikono ile ile. Magugu yakawashinda watu, mavuno hayakutosha kulipia kazi ya mtambo, na mpango ukafifia.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo, kwa kuwa Wasukuma hatukuwa wageni wa kazi ya pamoja. Zamani vijana wa kijiji, basumba, walikwenda shambani kwa ngoma chini ya mkubwa wao, nsumba ntale. Asiyekuja alijulikana kabla jua halijapanda, naye alitozwa. Majembe arobaini yakiinuka pamoja, jembe lisiloinuka huonekana. Lakini trekta la watu arobaini likikosa grisi, nani aonekanaye? Kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kulitia. Hapo ndipo mali ya wote huwa mali ya mtu asiyekuwapo.

Haya niliyajua kwa kusoma. Nitasema sasa jinsi nilivyoyajua kwa aibu.

Miaka kadha iliyopita sisi majirani sita tulichanga fedha, tukanunua trekta kuukuu la ukoo ule nilioutaja, pamoja na plau la sahani tatu. Lilikuwa limebadilisha rangi mara nyingi hata haikujulikana ya kwanza ilikuwa ipi. Tukamwajiri dereva. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikachaguliwa kutunza daftari. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa trekta lilizofanya kazi, dizeli iliyotumika, na siku za kubadili oili na chujio lake. Tena tulipatana kwamba kila Jumamosi niende mwenyewe nikaone kipimo cha oili kikichomolewa, na bakuli la hewa likioshwa. Mali bila daftari hupotea bila habari; hilo tulilijua, na tulijisifu kwa kulijua.

Miaka miwili nilikwenda. Mwaka wa tatu nilikuwa na mitihani ya wanafunzi, na mambo mengine ambayo leo siyakumbuki, jambo lionyeshalo kwamba hayakuwa makubwa. Nikaanza kukaa barazani kwangu na kumwuliza dereva akipita, "Oili je?" Naye hujibu, "Tayari, mwalimu." Nami huandika: imebadilishwa. Sikumtuma aseme uongo. Lakini nilimrahisishia njia. Na sisi sote sita tulikuwa tumemwekea mtego bila kufikiri, maana tulimlipa kwa eka. Saa aliyokaa chini ya trekta akiosha chujio ilikuwa saa ya njaa kwake, na saa aliyolima bila kuosha ilikuwa ya ujira. Tulitaka awe mwaminifu, huku tukimlipa kwa kutokuwa mwaminifu.

Mvua za Novemba zikanyesha. Wenye mashamba saba walikuwa wamekwisha kutulipa kabla, na fedha nilizipokea mimi kwa mkono wangu nikaziandika kwa wino. Wa mwisho katika orodha alikuwa mama mmoja mjane, asiye na maksai, aliyeuza mbuzi zake ili alimiwe eka tatu za mbuga. Siku ya pili ya kazi, katika shamba la mtu wa pili, trekta likaanza kugonga ndani kama mtu apigaye hodi, kisha likakwama. Injini ilikuwa imenoki, kama mafundi wasemavyo.

Fundi akaja, akafungua sehemu ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, nzito kama lami. Chujio lilikuwa limeziba, na beringi zilikuwa zimelika kwa kukosa mafuta. Akaomba daftari. Akalisoma polepole, akigeuza karatasi kwa kidole kilichojaa grisi, kisha akanirudishia akasema, "Hapa pasema oili ilibadilishwa wiki iliyopita, mwalimu. Mwandiko ni mzuri sana." Hakusema zaidi. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka mingi, lakini sijapata kusahihishwa hivyo.

Jioni nikaenda kwa yule mama. Njiani nilikuwa nimetengeneza maneno. Nikamwambia, "Mama, trekta limeharibika. Unajua tena, ni chombo kikuukuu, twakusihi utuvumilie." Alikuwa akipeta choroko. Akaweka ungo chini, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi sikulilipa trekta. Nilikulipa wewe."

Ndugu msomaji, katika neno hilo moja palikuwa na jibu la swali lote nililokuja kuliuliza baadaye pale Nyakabindi. Sikuwa na la kusema. Kesho yake tukaomba maksai kwa majirani, tukamlimia eka moja na nusu kabla mbuga haijalowa kupita kiasi, na fedha za sehemu iliyobaki tukamrudishia. Lakini fedha zilizorudi mwezi wa Desemba hazinunui mvua ya Novemba. Pamba yake mwaka ule ilikuwa haba, na mbuzi zake hazikurudi.

Tazama basi jinsi nilivyotaka kujificha. Nilisema "trekta limeharibika", kana kwamba trekta liliamka asubuhi likakata shauri. Nilisema "ni chombo kikuukuu", kana kwamba umri ndio uliokosa kubadili oili. Lugha yetu ina namna ya kusema ambayo humwacha mtu nje ya kosa lake: kikombe kimevunjika, fedha zimepotea, shughuli zimezidi. Maneno hayo si ya uongo. Ila mara nyingi hayamtaji mtu. Na mtu asipotajwa, hakuna atakayetubu wala kujifunza.

Kwa hiyo naona yafaa tutenge mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Chombo chaweza kuwa cha kutegemeka. Mtu aweza kuwa mwaminifu. Kutegemeka ni kuweza kuubeba uzito. Uaminifu ni kujua kwamba mwenzako amekuegemea, nawe usiondoke. Nguzo ya nyumba hutegemeka, lakini haijui ni nani aliyelala chini ya paa. Mtu ajua. Ndiyo maana nguzo ikianguka hatuishtaki. Twamwuliza mjenzi, na mwenye nyumba aliyeona mchwa akanyamaza.

Lakini nisimpe mzee wa pili ushindi wote, yule aliyesema chuma hakina kweli wala uongo. Mzee wa kwanza naye alikuwa ameona kitu. Chombo hakizaliwi chenyewe. Kilifikiriwa na mtu. Mtu aliyeunda trekta hata fundi wa kijiji aweze kulifungua na kulifunga, alimfikiria mkulima ambaye hatamwona kamwe. Kadhalika aliyefanya beringi ya Madras kwa kipimo cha haki. Na dereva wa kwanza aliyelitunza huko Uingereza, na wa pili, na wa tatu, kila mmoja alimwachia mwenzake kitu kizima. Hivyo mzee akisema Massey yake haijamdanganya, ajue asijue, anawashukuru watu wengi waliokwisha kutangulia. Uaminifu wa chombo kikuukuu ni akiba ya uaminifu wa watu, iliyowekwa humo kidogo kidogo. Na akiba, asipoongezwa mtu wa kuiweka, huliwa ikaisha. Mimi niliila akiba ya watu wa miaka hamsini kwa majira moja ya uvivu.

Wako watakaouliza jambo jingine: trekta lililobadilishwa pistoni, klachi, magurudumu na rejeta, je, lingali lile lile? Wazee wana mzaha juu ya jembe la babu, lililobadilishwa mpini mara tatu na bamba mara mbili, nalo lingali jembe la babu. Mimi naona si mzaha mtupu. Chuma kimeondoka, lakini shamba ni lile, na wajibu ni ule ule uliopokezwa mkono kwa mkono. Kinachodumu katika chombo kikuukuu si vipande vyake, bali ni kutunzwa kwake. Siku kitakapoachwa kutunzwa, hata vipande vyote viwe vya asili, urithi umekatika.

Walakini mapenzi ya kitu cha kale yasitupofushe. Kipya kinyemi kingawa kidonda, husema watu. Lakini na cha kale chaweza kuwa kidonda. Trekta kuukuu lisilo na breki za kuaminika halistahili kusifiwa barabarani. Mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, usipokuwa na kifuniko, hukamata kitenge au shati na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Watoto kupanda juu ya madigadi ni jambo tunalolichekea mpaka siku ya kilio. Na upo wakati ambapo uaminifu wenyewe wataka useme, "Chombo hiki kimechoka; kisipokee ahadi tena." Kuficha uchovu wa chombo kwa kukipaka rangi na kukiuza kwa asiyejua ni wizi, hata kama bei ilikuwa ya mapatano.

Sisi sita hatukuliuza letu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulichanga tena, krenki ikachongwa, beringi mpya zikatiwa, na hata leo linalima. Lakini tulibadili mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa ajili ya vijiji vingine vyenye trekta, au mashine ya kusaga, au pampu ya maji ya watu wengi. La kwanza, dereva hulipwa pia kwa saa za kutunza, si kwa eka tu. La pili, katika daftari hapaandikwi neno lisiloonwa kwa macho, nao wawili hutia sahihi, dereva na mmoja wetu kwa zamu. La tatu, hatupokei fedha za mashamba zaidi ya yale yanayoweza kulimwa katika siku za mbuga. Na mmoja katika wale waliolipa, asiye mwenye trekta, hupewa daftari alisome kabla ya mvua. Mwaka wa kwanza tulimwomba yule mama. Yeye husoma polepole, lakini husoma kila mstari.

Basi turudi kwa wale wazee wawili. Msomaji akiniuliza ni nani aliyesema kweli, nitamjibu kwamba kila mmoja alishika upande mmoja wa mpini. Chuma hakiahidi, lakini mtu huahidi kwa chuma, kama aahidivyo kwa fedha, kwa kalamu na kwa ulimi. Ahadi ni deni, na deni halilipwi na trekta.

Mvua za Novemba zitakuja tena, nayo mbuga itakuwa na siku zake chache. Kabla hazijaja, mwenye trekta na achomoe kipimo cha oili akitazame. Mwenye maksai na aangalie nira na minyororo. Mwenye daftari na aamke barazani aende akaone. Na aliye na jirani aliyekwisha kumlipa, na alitaje jina lake kwa sauti anapoianza kazi hiyo, apate kukumbuka ni nani amemwegemea.